Huruma ya Kaunti ya Tolliver

Agosti 29

Leo ndege ya kunyunyizia dawa imepita juu ya mashamba ya mashariki, na mji wote wa Ardath unanuka kama yai viza lililosahaulika kabatini. Ni dawa ya kupukutisha majani ya pamba. Mmea hunyauka kwa siku chache, vitumba vikabaki vyeupe na uchi, tayari kwa mashine. Nimefunga madirisha yote ya nyumba hii aliyoniachia marehemu baba. Haikusaidia.

Kwa miaka thelathini nimefundisha Katiba ya Marekani katika chuo kikuu cha jimbo letu. Sasa nimestaafu na kurudi kuishi miongoni mwa watu ambao Katiba wanaijua kwa kuipapasa. Jirani yangu, Doyle Crabtree, fundi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, huibeba mfukoni mwa shati, upande wa moyo: kijitabu kidogo kama pakiti ya sigara, kimeliwa pembe zote na jasho. Asubuhi nimemkuta ameinama nyuma ya gari lake la mizigo, anafungua kibao cha namba kwa bisibisi.

"Unafanya nini, Doyle?"

"Najikomboa, Bi Imogene. Katiba inanipa haki ya kusafiri. Nionyeshe wapi imesema nilipie kibati."

"Haikusema kwa sababu magari hayakuwapo."

"Umeona? Umesema mwenyewe! Hayamo!"

Alikitupa kibao ndani ya gari kwa furaha ya mtu aliyemshinda profesa kabla ya kunywa kahawa. Alipoondoka nilimwona anachechemea. Nikamuuliza mguu una nini.

"Kiatu kipya," akasema.

Septemba 3

Harufu bado.

Septemba 17

Siku ya Katiba. Mkutubi aliniomba nizungumze maktabani juu ya swali ambalo watu wa hapa huligombania mgahawani kila Jumamosi: je, Katiba yetu inaikubali serikali inayowatibu watu wake? Walikuja wapatao thelathini, wengi wao kwa ajili ya keki ya Nadine, mke wa Doyle, ambaye ni mpishi katika shule ya kaunti. Mstari wa mbele waliketi Sherifu Royce Hallam, mkuu wa askari na wa jela ya kaunti, na Jaji Warren Prewitt, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, na mzuri.

Niliijenga hoja tofali juu ya tofali. Neno "hospitali" halimo katika Katiba, wala jeshi la anga halimo. Bunge limepewa uwezo wa kutoza kodi kwa ajili ya ustawi wa jumla wa nchi. Mwaka 1798, Katiba ikiwa haijatimiza hata miaka kumi tangu ianze kutumika, Bunge liliwakata mabaharia wa meli za biashara sehemu ya mshahara ili watibiwe wanapougua. Wabunge wa siku zile hawakuona ajabu yoyote. Kwa hiyo serikali inaweza. Lakini kuweza si kulazimika: hakuna ibara inayompa raia haki ya kudai daktari. Katiba inaruhusu, haiamuru. Sentensi hiyo niliitamka polepole, maana ni sentensi iliyopangika.

Doyle akasimama.

"Bi Imogene, nimekusikia, na umesema vizuri kama kawaida yako. Sasa niambie kwa lugha ya watu. Ina maana hakuna hata Mmarekani mmoja ambaye Katiba inailazimisha serikali imtibu?"

"Wapo. Wafungwa."

Minong'ono ikaenea. Nikaeleza kwamba tangu mwaka 1976 Mahakama ya Juu imeshikilia kuwa kumwacha mfungwa augue hali unajua ni adhabu ya kikatili, na Marekebisho ya Nane ya Katiba yanakataza adhabu za kikatili. Ukimfungia mtu mlango asiweze kujitafutia daktari, basi daktari wake ni juu yako.

"Kumbe!" Doyle akawageukia wenzake. "Kwa hiyo nikiumwa niibe ng'ombe?"

"Ndama anatosha," nikamjibu.

"Usiniletee mgonjwa, Doyle!" Sherifu akapaza sauti. "Mimi nataka wezi wenye afya!"

Walicheka mpaka keki zikawapalia. Jaji Prewitt alicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nimeridhika na hotuba yangu na nimechoshwa na wasikilizaji.

Septemba 19

Mvua kidogo. Mashine za kuvunia zimesimama kando ya barabara.

Septemba 24

Doyle amefungwa. Alisimamishwa barabarani wiki iliyopita kwa kuendesha bila namba, na leo alifika mbele ya Prewitt bila wakili, na kijitabu chake mkononi. Nilikwenda kwa sababu Nadine alinisihi. Kosa lenyewe lilikuwa dogo; angelipa faini na kwenda zake. Badala yake alianza kusoma Katiba kwa sauti kuanzia utangulizi.

"Bwana Crabtree," akasema jaji, "ukisoma neno moja zaidi nitakufunga kwa kuidharau mahakama."

Doyle akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma neno moja zaidi.

Siku tisini. Alipokuwa akitolewa alinikonyeza, kana kwamba sote wawili tulikuwa upande mmoja wa jambo fulani. Ujinga unaojifurahisha hivi unanitia kinyaa kuliko uovu. Uovu angalau hujua unataka nini. Nadine alikaa benchini na mkoba mapajani hata watu walipokwisha kuondoka.

Septemba 30

Wanavuna. Vumbi la pamba kila mahali, hata ndani ya bakuli la sukari.

Oktoba 8

Nadine alikuja na mkate wa mahindi uliofunikwa kwa taulo. Hakuketi.

"Bi Imogene, mguu wa Doyle unanuka."

Haikuwa kiatu kipya. Doyle amekuwa na kisukari kwa miaka tisa, na kidonda chini ya dole gumba alikuwa nacho tangu Agosti. Alikuwa akikiosha kwa maji ya chumvi na kukifunga kwa utepe wa gundi wa mafundi. Bima hana, maana kazi ya kiwandani ni ya msimu, na hospitali yetu ilifungwa miaka minne iliyopita. Nilikwenda naye jela alasiri.

Nimewahi kuandika kurasa mia mbili juu ya Marekebisho ya Nane. Leo kwa mara ya kwanza nimeyanusa. Doyle aliletwa chumba cha wageni na mguu wa kushoto ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la vyakula, umefungwa kifundoni kwa uzi. Nilitamani harufu ya dawa ya pamba.

"Ndama wangu huyu hapa," akasema. "Nimekuja kudai daktari."

"Umemwona nani?"

"Muuguzi huja Jumanne. Ananipa vidonge na kuniambia nisikanyage chini. Nikanyage wapi sasa, ukutani?"

Nadine hakucheka. Alikuwa akiutazama ule uzi.

Oktoba 10

Nimezungumza na Sherifu Hallam ofisini kwake. Ni mtu mwenye adabu; alinivutia kiti, akanimiminia kahawa, akamuulizia dada yangu.

"Namlisha, namlaza, muuguzi anakuja. Unataka nifanye nini zaidi, Bi Imogene?"

"Daktari wa upasuaji amwone. Wiki hii."

"Unajua mfungwa mmoja tu akilazwa hospitali ya mji mkuu wa jimbo anaweza kumeza bajeti ya matibabu ya jela nzima?"

"Nalijua. Na wewe unaijua sheria."

"Naijua," akatabasamu. "Nilikuwapo maktabani."

Akaahidi daktari. Namwamini kiasi cha kuandika tarehe aliyoahidi.

Oktoba 14

Jengo la hospitali yetu ya zamani limekodishwa mpaka mwisho wa mwezi kwa duka la mavazi ya sikukuu ya mazimwi, ile ya watoto kujivika vitisho na kuomba peremende. Nilipita mbele yake. Chini ya maandishi yaliyofifia ya Mapokezi ya Dharura wametundika mikono na miguu ya plastiki, yenye damu ya rangi iliyopakwa vizuri kwenye sehemu ya kukatwa. Mama mmoja alikuwa akimchagulia mwanawe mguu.

Oktoba 16

Daktari alifika jela jana. Doyle amenisomea maneno yake kwenye simu: mshipa wa damu umeziba, mfupa umeanza kuambukizwa, anatakiwa kufanyiwa upasuaji mji mkuu ndani ya wiki moja, la sivyo mguu utapotea. Sherifu sasa hapokei simu zangu. Karani wake ananiambia yuko shambani. Royce Hallam hana shamba.

Oktoba 21

Nadine amenipigia akilia kwa furaha. Doyle anarudi nyumbani! Sherifu mwenyewe amemwomba jaji amwondolee siku zilizobaki, kwa sababu ya hali yake ya afya. Kanisani wameshaanza kuandaa chakula. "Mungu amemgusa Royce moyo," akasema.

Sikuweza kumwambia papo hapo. Nitaandika hapa kwanza, kwa mpangilio, nione kama jambo ni baya kama linavyoonekana.

Doyle akiwa ndani, upasuaji ni wajibu wa kaunti. Si hisani, ni Katiba. Ndiye mtu pekee katika mtaa wetu, na pengine katika mji huu mzima, mwenye haki isiyopingika ya daktari. Mlango ukifunguliwa, anakuwa raia huru kama mimi na mtu mwingine yeyote, na raia huru hana haki hiyo. Kaunti itakuwa imeokoa fedha bila kumnyima mfungwa chochote, kwa sababu hakutakuwa na mfungwa. Hawakuivunja Katiba. Wameisoma kwa makini, wakautumia mlango wake wa nyuma. Nimesoma hoja za wanasheria waovu na za wanasheria wavivu, lakini hii inatoka kwa watu wenye akili timamu, wanaonimiminia kahawa.

Nimekwenda kwa Nadine kwa miguu na kumweleza. Alisimama mbele ya jiko na kijiko mkononi.

"Unataka nimwombee mume wangu abaki jela?"

"Wiki moja tu. Mpaka akatibiwe."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mengi."

Akazima jiko. "Haya. Mwombee."

Oktoba 22

Nimekuwa wakili tena, kama nilivyokuwa kabla ya kufundisha, kwa saa moja, na nimefanya kazi ambayo sikuwahi kudhani ipo: nimepinga mteja wangu kuachiliwa.

Doyle aliketi kando yangu. Homa ilikuwa imempandisha rangi mashavuni. Nyuma walikuwapo watu wa kanisani, na maputo.

"Bi Profesa," akaanza Jaji Prewitt, bado akiniita hivyo, "nimekaa kiti hiki miaka kumi na sita. Sijawahi kumwona wakili akiomba mteja wake aendelee kufungwa."

"Nami sijawahi kumwona sherifu anayeomba mtu aachiliwe kwa sababu mguu wake unaoza."

"Ni huruma tu, Mheshimiwa," akasema Hallam. "Mtu akiugua mahali pake ni kwa familia yake."

"Basi huruma na ingoje wiki moja, atibiwe kwanza, halafu imtoe."

Nilitoa hoja yangu. Kidonda kiligeuka kuwa hatari mikononi mwa kaunti. Wajibu ulizaliwa ndani ya kuta za jela na hauwezi kufa kwa kufungua komeo. Huwezi kumzuia mtu asitafute daktari kwa mwezi mzima, kisha kumrudishia uhuru wake siku ile ile ambayo uhuru huo hauna tena faida. Prewitt alisikiliza vizuri. Alikuwa akisikiliza vizuri hata darasani.

"Unaweza kunionyesha hukumu inayoipa mahakama uwezo wa kumshikilia mtu kwa manufaa yake mwenyewe?"

"Hapana. Ninakuomba uwe wa kwanza kuiandika."

Alitabasamu kwa upole, na kwa huzuni kidogo, nadhani ya kweli. "Nilifundishwa na mwalimu makini kwamba Katiba inaruhusu, haiamuru."

Akamgeukia Doyle.

"Bwana Crabtree, unataka kwenda nyumbani?"

Mtu huyu amengoja maisha yake yote serikali imuulize anataka nini. Alitazama maputo, akamtazama Nadine.

"Nataka daktari kwanza."

"Sikukuuliza hilo."

"Ndiyo maana nimekujibu."

Prewitt akatia saini. Askari akainama kufungua mnyororo, akikwepesha pua. Nyuma watu wakapiga makofi, mtu mmoja akaanza wimbo wa sifa, na mimi nikatamani kunawa mikono, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Oktoba 23

Nadine alimpeleka jana ileile hospitali ya mji mkuu, mwendo wa saa mbili. Wamekisafisha kidonda, wakampa vidonge, wakampangia kumwona daktari wa upasuaji Desemba, na aje na malipo ya awali. Alipowaambia kuwa daktari wa jela alisema ndani ya wiki, wakamuuliza jela ipi inalipa. Sheria inailazimisha hospitali kumpokea anayekufa. Anayeelekea huko hupewa tarehe.

Oktoba 24

Nilikuwa natoka posta nikasikia honi. Gari la kijani la Doyle lilikuwa likizunguka uwanja wa mahakama, polepole kama gari la maandamano, mkono wake umekaa juu ya honi. Nyuma, mahali pa namba, palikuwa wazi. Nadine aliketi kando yake, wima, mkoba mapajani, kama alivyoketi siku ile benchini. Watu walitoka madukani. Afisa Travis Oakes, aliyemkamata Septemba, alikuwa amesimama kwenye ngazi za jela.

"Travis!" Doyle akaita dirishani. "Sina namba! Nikamate!"

"Nenda nyumbani, Doyle."

"Na leseni imekwisha! Hii hapa, tazama!"

Travis akainua uso na kuitazama saa ya mnara, kwa makini sana, kama mtu aliyeulizwa wakati.

"We Travis! Mwezi uliopita uliona bila miwani!"

Gari likazunguka tena. Wachache walianza kucheka, kisha kicheko kikawaishia mdomoni, kwa sababu alipowapita waliuona uso wake. Hallam akatoka na kikombe cha kahawa.

"Siku njema, Doyle. Endesha salama."

Nilipanda ngazi mpaka alipokuwa. Sipendi kupaza sauti na sikupaza.

"Kosa hili hili lilikuwa na siku tisini mwezi uliopita, Sherifu."

"Tisini zilikuwa za mdomo wake. Na askari ana hiari, Bi Imogene. Wewe ndiye unayejua zaidi."

"Hiari yako inanusa mguu kwanza."

Akanywa kahawa yake. Doyle alikuwa amefika tena mbele yetu. Aligeuza usukani, akapanda ukingo, akaliegesha gari katikati ya bustani ya mahakama, juu ya maua ya njano yaliyopandwa na akina mama wa kanisa. Akazima injini. Akatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, viganja juu, vifundo pamoja, tayari kwa pingu.

Hakuna aliyemsogelea.

"Ni maua tu," akasema Sherifu, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Yataota tena."

Mikono ile ilibaki nje ya dirisha kwa muda ambao sikuweza kuutazama wote. Kisha Nadine akashuka, akazunguka, akaikunja mikono ya mumewe na kuirudisha ndani, mmoja baada ya mwingine, akamsukuma upande wa pili na kuliendesha gari nyumbani.

Nimemdharau Doyle Crabtree tangu niliporudi hapa. Leo, kati ya watu wote waliokuwa uwanjani, wenye sare na wenye shahada, nimemwona mtu mmoja tu aliyeichukulia Katiba kama kitu kinachotakiwa kufanya kazi.

Oktoba 25

Mvua. Pamba iliyobaki shambani inageuka kijivu.

Oktoba 27

Wamemkata mguu alfajiri, juu ya goti. Alifika hospitali akiwa hajitambui, kwa hiyo hawakumuuliza nani analipa.

Oktoba 31

Watoto walikuja na mavazi yao ya mazimwi kuomba peremende. Sikufungua mlango.

Novemba 11

Doyle amerudi. Nadine alimweka barazani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi limekunjwa nusu. Nilikaa naye.

"Ulinidanganya, Bi Imogene. Ulisema ndama anatosha."

"Nilikosea."

"Ilibidi niibe benki. Waogope kuniachia." Alicheka, akakohoa. Kisha mkono ukaenda kwenye lile blanketi mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Kinaniwasha kidole gumba. Unaelewa? Kile kile."

Nikamweleza kwamba tunaweza kuishtaki kaunti. Kesi si rahisi, lakini hoja niliyoitoa mbele ya Prewitt inaweza kusikilizwa na majaji wa shirikisho, ambao maua ya mahakama yao hayapandwi na watu wa hapa. Alisikiliza akitazama barabara.

"Kaunti ikilipa, inalipa kwa kodi yangu."

"Ndiyo, na yangu."

"Na Nadine anapika shule ya kaunti. Nani atamwacha jikoni?"

Akasema atafikiri. Ndani, Nadine alikuwa ameacha kuosha vyombo ili asikie.

Novemba 14

Mashamba yamekwisha. Imebaki mabua.

Novemba 23

Karamu ya kambale katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kwa ajili ya kumsaidia Doyle na gharama za hospitali. Sahani moja moja kwa bei ya hiari. Mji wote ulikuja. Prewitt alinunua sahani za familia nzima. Na aliyesimama mbele ya karai la mafuta, amevaa aproni, akikaanga samaki kwa mikono yake na kufutwa jasho na mkewe, alikuwa Royce Hallam.

Mchungaji alisimama kuomba baraka. "Ndugu zangu, tazameni kulia na kushoto! Hakuna serikali iliyotuamuru kuja hapa leo!"

Wakaitikia kwa makofi mazito. Nikatazama kulia na kushoto kama nilivyoambiwa. Walikuwa wamekuja kwa moyo. Yule bibi wa posta alileta akiba yake ndani ya soksi. Watoto waliuza maji baridi ya limau mlangoni. Wema wao ni wa kweli, na hilo ndilo lililonichefua hata nikashindwa kula: wema wa kweli, uliokaangwa na mtu yule yule aliyeufungua mlango wa jela kwa sababu ya bei, ukagawiwa kwa watu waliopiga makofi mara zote mbili, na haukukaribia hata robo ya gharama.

"Neno, Doyle! Neno!" wakapiga kelele.

Alivuta kiti chake mbele. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati, kwa mazoea, ukasita, ukarudi mtupu.

"Samaki ni wazuri," akasema. "Royce, umezidisha chumvi."

Walicheka mno, kama watu waliokuwa wakiogopa atasema jambo jingine. Sherifu alicheka akiinua kijiko chake. Nadine hakula. Alikuwa akimtazama Sherifu kama alivyoutazama ule uzi kifundoni.

Novemba 26

Keshokutwa ni Sikukuu ya Shukrani. Nilikuwa nakata vitunguu Nadine alipogonga dirisha la jikoni. "Anakuita. Sasa hivi."

Doyle alikuwa barazani, karatasi ya njano juu ya goti lililobaki.

Walikuwa wakirudi kliniki, Nadine akiendesha, Travis Oakes akawasimamisha njiani, mahali ambapo amekuwa akiwapungia mkono mwezi mzima. Gari halina namba. Hati imeandikwa kwa jina la mwenye gari: afike mbele ya Jaji Prewitt Januari, na kwa kuwa ana rekodi, asipofika au asipotii atafungwa. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa sahihi katika kila kipengele.

"Safari hii hakutazama saa ya mnara?" nikauliza.

"Alitazama mguu," Doyle akasema. "Alichungulia dirishani, akaona haupo, akauliza kama nina kidonda kingine popote. Nikamwambia hapana, namshukuru Mungu. Akatoa kalamu."

Nadine alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Doyle alitoa kijitabu mfukoni, akafunua mpaka Marekebisho ya Nane, akaiweka ile hati ya njano katikati ya kurasa kama ushahidi, akanipa vyote viwili.

"Andika kesi."

"Na kazi ya Nadine?"

"Andika na jina langu," akasema Nadine. "Kupika nitapika popote."

Nikawaambia ukweli, kwa kuwa ni haki yao: kesi itachukua miaka, tunaweza kushindwa, na watu waliowakaangia samaki Jumamosi hawatawasalimia Jumapili. Nikamwambia Doyle kwamba wanaweza hata kumfunga Januari, kwa ajili ya kibati, kabla majaji wa shirikisho hawajafungua faili.

"Wanifunge," akasema Doyle, akivuta blanketi. "Sasa mimi ni mzima wa kutosha kufungwa. Travis ameandika, ametia na saini."